Kabla ya kumuunga mkono mwakilishi wadi, muulize kuhusu vijiti na ganzi

Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, mpigakura wa Kenya atakabidhiwa karatasi sita. Tano kati yake zitakuwa zimepigiwa kelele kwa muda mrefu: ya rais, gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake. Ya sita ni ya mwakilishi wadi. Hiyo wengi huitia alama kwa sababu mgombea ni jirani, ni wa ukoo, alisimama nao kwenye matanga, au ameahidi kuleta greda. Ni nadra mgombea huyo kuulizwa msimamo wake kuhusu haki za uzazi. Swali hilo huelekezwa kwa wabunge na wanaowania urais, nao hujibu kwa sentensi moja ya kulaani utoaji mimba, mkutano ukaendelea.

Swali limepelekwa mlango usio wake. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liliiachia serikali ya kitaifa sera ya afya na hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti, ambulensi na afya ya msingi vyote vilikabidhiwa kaunti. Kama zahanati itakuwa na muuguzi usiku, kama friji ya dawa itakuwa na umeme, kama sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi itapatikana mwezi huu, hayo huamuliwa na gavana pamoja na bunge la kaunti. Tuna kaunti 47 na wadi 1,450. Anayejali haki za uzazi ana kila sababu ya kuwachambua wagombea wadi kwa wadi, kuwataja anaowakubali kwa majina, na kuwaunga mkono mapema kwa masharti yaliyoandikwa.

Haki zenyewe hazina utata mkubwa kwenye karatasi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, huduma za afya ya uzazi zikiwemo. Sheria ya Afya ya 2017 inataja wazi upangaji uzazi ulio salama, unaofaa na wa bei ambayo mtu anaimudu. Shida huanza pale haki inapohitaji fedha. Mwaka 2013 mwanamke mmoja alijifungua sakafuni katika hospitali ya umma mjini Bungoma, akatukanwa na waliopaswa kumhudumia. Machi 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilikiukwa, ikaagiza alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Lililo muhimu kwa mpigakura wa wadi ni kwamba lawama haikuishia kwa wauguzi. Mahakama iliona kuwa serikali ya kitaifa na ya kaunti zilishindwa kutenga rasilimali na kuweka mwongozo wa kulinda huduma za kina mama. Kutenga rasilimali za kaunti ni kazi inayopita mikononi mwa wawakilishi wadi kila mwaka.

Tazama pia tofauti zilizopo chini ya Katiba hiyo moja. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 75 ya wanawake walioolewa Embu walikuwa wakitumia njia za kisasa za kupanga uzazi. Mandera ilikuwa asilimia 2. Samburu, nusu ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba, ilhali Nyeri na Nyandarua ilikuwa asilimia 5. Si haki kuwatwika wawakilishi wadi mzigo huo wote. Umbali, usalama, elimu, dini na ndoa za mapema vina sehemu yake. Lakini kaunti ndiyo yenye uwezo wa kupunguza umbali, kuajiri muuguzi anayezungumza lugha ya wateja wake, na kupeleka kliniki tamba kwa jamii za wafugaji. Mgombea anayesema "hayo ni mambo ya Nairobi" hajasoma maelezo ya kazi anayoiomba.

Kinachoharibika zahanatini huwa ni kitu kidogo, na anayetaka kumpima mgombea lazima akifahamu.

Chukua kijiti, kile kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kuzuia mimba kwa miaka mitatu au mitano kutegemea aina. Ripoti ya kaunti itasema vijiti vipo, na kweli vimo kabatini. Ila kukiweka kunahitaji ganzi ya lidokeini, sindano, glavu safi, dawa ya kuua vijidudu, bendeji, na mhudumu aliyefunzwa. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya vijiti ilinunuliwa na wafadhili, na vifaa vya kuviwekea vikaachiwa kaunti. Ganzi ikiisha, mama huambiwa akanunue kwenye duka la dawa au arudi wiki ijayo. Aliyelipa nauli kutoka mbali, au aliyekuja bila mumewe kujua, huenda asirudi. Kwenye takwimu za ghala, kituo hicho hakikuishiwa na chochote.

Kukitoa nako kuna mashaka yake. Kunahitaji wembe wa upasuaji, koleo ndogo na mkono wenye uzoefu, hasa kijiti kikiwa kimezama. Mafunzo mengi hutilia mkazo kuweka. Matokeo yake ni mwanamke ambaye muda wa kijiti chake umekwisha, au anayetaka kupata mtoto, akizungushwa kituo hadi kituo. Haki ya uzazi inahusu pia kuacha njia unapotaka, na mgombea anayejua hili ana uelewa kuliko yule anayehesabu tu wangapi "wamesajiliwa".

Au chukua oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua. Inatakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za joto. Umeme ukikatwa kwa sababu bili haikulipwa, dawa hubaki kwenye chupa yake ikiwa na lebo sahihi na tarehe sahihi, lakini nguvu yake imepungua. Muuguzi huidunga akiamini inafanya kazi. Kwa hiyo anayeuliza kuhusu bili ya umeme ya zahanati anauliza kuhusu maisha ya akina mama wanaojifungua.

Tangu mwanzoni mwa 2025 pengo hili limepanuka. Marekani ilisitisha misaada yake ya kigeni Januari mwaka huo, na shirika lake la USAID, lililokuwa likigharimia sehemu kubwa ya dawa, usambazaji na mishahara ya baadhi ya wahudumu nchini, likafungwa. Bajeti nyingi za kaunti zilijengwa kwa dhana kwamba dawa za kupanga uzazi zitaletwa na mtu mwingine, na hivyo hazikuwa na fungu lake. Zimefichwa ndani ya fungu la jumla la "dawa na vifaa tiba", na fedha zikipungua, za malaria na za kisukari hununuliwa kwanza kwa sababu mgonjwa yuko mlangoni analalamika. Mwanamke aliyekosa sindano yake halalamiki. Anarudi nyumbani kimya, na athari huonekana miezi tisa baadaye.

Hivyo jambo la kwanza la kumuuliza mgombea, gavana au mwakilishi wadi, ni kama ataunga mkono fungu la upangaji uzazi linalosimama peke yake kwenye bajeti, lenye jina na kiasi, vifaa vya kuweka na kutoa vijiti vikiwemo. Jibu la "afya ni kipaumbele changu" lisikubaliwe. Kila mgombea aliyewahi kuzaliwa husema hivyo.

La pili ni lini atapigania fungu hilo. Hapa ndipo wagombea wengi, hata wenye nia njema, hujikwaa. Wananchi huitwa kwenye vikao vya bajeti Mei na Juni, baada ya makadirio kuwasilishwa ifikapo Aprili 30, wakidhani huo ndio wakati wa kudai. Wakati huo mlango umeshafungwa nusu. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kikomo kilichokwisha kuwekwa. Kikomo hicho huwekwa kwenye waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ule ambao watu wa bajeti huuita CFSP. Hufikishwa bungeni kufikia Februari 28, na wawakilishi wana siku 14 za kuupitisha. Kabla yake kuna mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotakiwa kuwasilishwa kufikia Septemba 1. Mgombea anayeahidi "kuongeza pesa za akina mama" bila kutaja Septemba wala Februari anaahidi kitu atakachokuja kukisaka Juni na kukikosa.

La tatu ni wahamasishaji wa afya ya jamii, takriban 100,000 nchini kote, ambao mpango wao ulizinduliwa upya Septemba 2023. Posho yao ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Hao ndio wanaogonga mlango wa mama mjamzito kumkumbusha kliniki, na ndio wanaojua ni nani ameacha kufika. Kaunti inapokawia kulipa ile 2,500 yake, ziara hupungua. Muulize mgombea: je, utakubali bajeti ya kaunti ambayo haina miezi 12 kamili ya posho hiyo?

La nne ni bima. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF Oktoba 2024, na mtu asiye na ajira rasmi sasa anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kabla ya kuhudumiwa kwa bima, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mkupuo. Chini ya Linda Mama, mpango wa awali wa serikali wa huduma za uzazi bila malipo, mjamzito alikuwa akisajiliwa bila kutoa senti. Kaunti inaweza kuwalipia wasiojiweza. Je, mgombea yuko tayari kulitengea jambo hilo fedha, na ataamuaje nani asiyejiweza bila orodha hiyo kugeuka kuwa ya wapiga kampeni wake?

Halafu kuna swali ambalo wengi huliogopa, na tunadhani liulizwe bila kupepesa macho. Kifungu cha 26(4) cha Katiba kinasema utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu. Juni 2019 Mahakama Kuu ilisema Wizara ya Afya ilikosea kuondoa miongozo ya kupunguza vifo vinavyotokana na utoaji mimba usio salama, ikaeleza pia kwamba mimba ya ubakaji inayohatarisha afya ya mwili au akili ya mwathiriwa huangukia katika ruhusa hiyo. Mwakilishi wadi hawezi kulibadilisha hilo kwa namna yoyote. Anachoweza ni kuhakikisha vituo vya kaunti vina huduma za baada ya mimba kuharibika: kifaa cha kunyonya mabaki kwa mkono, dawa za maumivu, damu, na mhudumu asiyemtisha mgonjwa kwa polisi. Huduma hii haina ubishi wa kisheria. Utafiti wa kitaifa ulikadiria kwamba mwaka 2012 karibu wanawake 120,000 walitibiwa vituoni kwa madhara ya utoaji mimba. Aliyefika akivuja damu anatakiwa kutibiwa, iwe mimba ilitoka yenyewe au la.

Hapa tuna msimamo ambao baadhi ya wenzetu katika kutetea haki za uzazi hawaupendi. Mgombea anayesema, "Mimi dini yangu hainiruhusu kuunga mkono utoaji mimba, lakini Katiba itafuatwa katika vituo vyetu na hakuna mama atakayefukuzwa akivuja damu," huyo anafaa kuungwa mkono akitimiza mengine. Mgombea anayepaza sauti kuhusu haki za wanawake jukwaani, kisha akakosa kikao cha CFSP ili ahudhurie uzinduzi wa lami, hafai. Tukidai maneno yaleyale kutoka kwa kila mtu tutabaki na wagombea watatu katika kaunti nzima, na wote wataanguka. Tukidai kura ileile kwenye bajeti, tutapata wengi zaidi, wakiwemo wazee wa kanisa na mashekhe ambao hawatawahi kuvaa fulana zetu. Wala jinsia isitumike kama njia ya mkato. Magavana wanawake saba walichaguliwa 2022, hatua kubwa tunayoisherehekea, lakini mwanamke na mwanamume wote waulizwe maswali yaleyale na wapimwe kwa rekodi ileile.

Kwa anayetetea kiti, rekodi ipo, ila huletewi mlangoni. Bunge la kaunti hutunza kumbukumbu rasmi za mijadala na kura, pamoja na ripoti za kamati ya afya. Tovuti za mabunge mengi ni kavu, basi andika barua kwa karani chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Anatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na akikaidi unalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Usiombe "taarifa zote za afya". Utaletewa kabrasha lisilosomeka au hutaletewa kitu. Omba mahudhurio ya mwakilishi wa wadi yako katika vikao vya kamati ya afya kwa mwaka fulani, maswali yote aliyoyawasilisha kuhusu vituo vya wadi hiyo, na ripoti ya kamati kuhusu CFSP ya mwaka huo. Kisha soma taarifa za Msimamizi wa Bajeti, zinazotoka kila robo mwaka, uone idara ya afya ilitengewa kiasi gani na ilitumia kiasi gani. Kaunti inayotenga na kisha isitumie ni tatizo tofauti na ile isiyotenga, na linadai mwakilishi wa aina tofauti: anayejua kumwita waziri wa afya wa kaunti mbele ya kamati na kumkalia kooni. Kifungu cha 195 kinalipa bunge la kaunti mamlaka ya kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi. Mamlaka hayo hayatumiki hata robo ya inavyopaswa.

Kwa mgombea mgeni, mpeleke zahanatini. Muombe aangalie kadi za ghala pamoja na muuguzi na kamati ya kituo, bila kamera. Dakika kumi zinatosha kujua kama anauliza maswali au anatafuta pa kubandika picha.

Sasa, nani ana ruhusa ya kumuunga mkono mgombea? Hili likikosewa, linaweza kuua shirika zima. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024, inayakataza mashirika yaliyo chini yake kuchangisha fedha au kufanya kampeni ya kumuunga mkono au kumpinga mgombea. Kwa hiyo shirika linaloendesha kliniki au mafunzo ya vijana lisiandike tamko la kumpigia debe mtu. Linaloweza kufanya ni kutuma maswali yaleyale kwa wagombea wote wa kiti, kuwapa muda sawa wa kujibu, na kuchapisha majibu jinsi yalivyo, pamoja na majina ya walionyamaza. Wauguzi na watumishi wengine wa kaunti nao wakae pembeni, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamfanya mtumishi wa umma anayejihusisha na kampeni za chama au mgombea kuwa mkosaji. Inahuzunisha, maana ndio wanaojua zaidi, lakini ushahidi wao unaweza kupatikana kupitia takwimu za kituo bila kuwaweka jukwaani. Vyama vya akina mama navyo visome katiba zao kabla ya kutumia muhuri wa kikundi.

Wanaobaki huru ni raia kwa majina yao: mkulima, fundi, mwalimu mstaafu, mama wa duka, kijana wa bodaboda. Na kwenye wadi hao wana uzito. Kiti cha mwakilishi wadi chaweza kuamuliwa kwa kura chache mno, na tamko lililotiwa saini na watu 200 wanaojulikana kijijini linatisha kuliko tangazo la redio.

Muda unaofaa ni kabla ya mchujo wa vyama. Kwa 2022 mchujo ulifanyika Aprili, na katika ngome za vyama mshindi wa Aprili ndiye aliyeshinda Agosti. Anayesubiri majina yachapishwe na tume ya uchaguzi hupata wagombea waliokwisha kuchujwa na watu wengine. Anayetaka kupiga kura mchujoni ahakikishe mapema kwamba amesajiliwa katika chama husika, na pia kwamba hakusajiliwa kwa siri katika chama kingine, jambo linalotokea sana. Rekodi hukaguliwa kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Mgombea huru naye asisahauliwe: Katiba inamtaka asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi, kwa hiyo hatima yake hujulikana baadaye kidogo.

Barua ya kumuunga mkono iwe ya ukurasa mmoja. Iitaje wadi, iorodheshe ahadi zisizozidi nne zenye tarehe, itiwe saini na mgombea mwenyewe mbele ya watu, na iseme wazi kwamba uungaji mkono utaondolewa hadharani ahadi fulani ikivunjwa. Ahadi ziwe za mambo yaliyo ndani ya uwezo wake. Mwakilishi wadi haajiri wauguzi na hanunui dawa. Akiahidi hayo anadanganya, hata kama hajui. Anaweza kuahidi kura, hoja, maswali ya kamati, na kikao cha wazi na kamati ya zahanati kila robo mwaka. Msiunge mkono wawili kwa kiti kimoja ili kumridhisha kila mtu. Asipopatikana anayefaa, chapisheni majibu na muache nafasi hiyo wazi. Wala msipokee leso, unga au "nauli" kutoka kwa yeyote kati yao, kwa sababu sheria inamhesabu mpigakura anayepokea hongo kuwa mkosaji kama anayeitoa, na barua iliyonunuliwa haimfungi aliyeinunua.

Ratiba ya baada ya uchaguzi nayo ni finyu. Mpango wa miaka mitano wa kaunti unaotumika sasa unaishia 2027. Watakaochaguliwa Agosti ndio watakaouandika ule wa 2028 hadi 2032, na kilichoachwa nje ya mpango huo hupata taabu kuingia kwenye bajeti yoyote inayofuata. Mpango wa maendeleo wa mwaka 2028/29 unatakiwa bungeni Septemba 1, wiki tatu tu baada ya kura kuhesabiwa, wakati wawakilishi wapya wangali wanavutana kuhusu nani awe spika na nani aongoze kamati. Waliotia saini barua ya wadi wanapaswa kuwa na ukurasa wa mapendekezo tayari kufikia Julai, wenye jina la kila zahanati na kinachokosekana pale, ili mshindi akabidhiwe kabla hajaapishwa.